Mtoto Hana Saa

Uswahilini usiku hauna siri. Ukikohoa, jirani atakupa pole asubuhi. Ukigombana na mwenzio, mtaa mzima utajua kisa na mkasa kabla chai haijachemka. Sasa piga picha, msomaji: chumba na sebule, kuta zisizofika darini, na humo ndani mtoto wa wiki tatu anayeanza kulia saa sita za usiku na kunyamaza adhana ya alfajiri ikiadhiniwa. Mchana analala fofofo kama mlinzi aliyetoka lindo. Usiku macho kodo. Ananyonya, anasinzia, anashtuka, analia, ananyonya tena.

Ndivyo tulivyoishi mimi na dada yangu baada ya yeye kujifungua. Shemeji alikuwa mbali kikazi, mama yetu yuko mkoani na miguu inamsumbua. Tulikuwa watatu tu: mzazi, mtoto, na mimi mjomba, kijana wa vitabu nisiyejua hata kumshika mtoto shingo.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alisema maziwa ni mepesi, mtoto apewe uji. Mwingine akasema hilo ni chango, itafutwe dawa. Wa tatu akasema tumemdekeza, kila akilia anabebwa. Na mimi, si nimesoma? Nikatoa kitabu nilichokinunua kwa wauza vitabu vya mtumba kando ya barabara mjini, kitabu cha malezi kilichochapwa London miaka ya 1930, jalada limeliwa na mende. Kiingereza chake kimenyooka kama rula. Nikamtafsiria dada: mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa nne, si dakika moja kabla. Kuanzia saa nne za usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi asipewe kitu. Akilia aachwe, atachoka mwenyewe. Kumbeba ni kumharibu.

Dada alikubali. Jambo lililochapwa lina nguvu, bwana. Angesema jirani yake tungecheka, lakini kimesema kitabu.

Usiku wa tatu matiti yake yalikuwa magumu kama mawe, khanga imelowa, analia yeye upande huu na mtoto upande ule, na mimi nimekaa katikati nimeshika saa ya mkononi. "Bado dakika arobaini," nikamwambia. Sentensi hiyo sitaisahau. Mlango ukasukumwa, mama mwenye nyumba akaingia, akamwokota mtoto, akamweka kifuani kwa mamaye. Kisha akanigeukia: "We baba, hiyo saa inanyonyesha?"

Makala haya ni jaribio langu la kumjibu. Nilitaka kujua nani aliyemvisha mtoto mchanga saa, na alikuwa anatafuta nini.

Nyumba ya watoto waliotupwa

Twende London, karne ya 18. Mwaka 1739 nahodha mstaafu aitwaye Thomas Coram alipata hati ya mfalme ya kuanzisha Foundling Hospital, na mwaka 1741 watoto wa kwanza wakapokelewa. Jina ni hospitali, lakini kwa kweli ilikuwa nyumba ya kulelea watoto ambao mama zao walishindwa kuwalea. Mwaka 1748 daktari William Cadogan aliwaandikia wakuu wa nyumba hiyo insha juu ya malezi ya watoto wachanga.

Tumtendee haki. Cadogan alisema mengi mema. Alikataza desturi ya kumviringisha mtoto katika vitambaa mpaka asiweze kutikisa mguu. Alitaka akina mama wenye uwezo wanyonyeshe wenyewe badala ya kukodi wanyonyeshaji. Lakini alisema pia kwamba mtoto alishwe mara chache tu kwa siku, kwa nyakati zinazojulikana, na usiku asilishwe kabisa. Tena hakuficha furaha yake kwamba sasa kazi hii inaangaliwa na wanaume wenye akili, baada ya kuachiwa wanawake muda mrefu mno.

Hebu tutulie hapo. Kanuni ile iliandikiwa nani? Iliandikiwa nyumba yenye watoto wengi na mikono michache. Humo ndani mtoto anayetaka kunyonya kila anapojisikia hawezi kuhudumiwa, maana wenzake nao wanalia. Ratiba ilikuwa dawa ya upungufu wa mikono, na kwa mahali pale huenda ilikuwa na maana. Swali ni ilitokaje pale ikaingia katika nyumba yenye mama mmoja na mtoto mmoja.

Kasumba ndani ya chupa

Karne ya 19 ilileta viwanda, na viwanda vikaleta king'ora. Mama wa Kiingereza anayefanya kazi katika kinu cha pamba alitoka kabla jua halijachomoza. Mtoto alibaki kwa bibi kizee au msichana mdogo anayelea watoto wa watu wengi kwa malipo kidogo. Watalala vipi wote hao? Dawa ilipatikana dukani, tena kwa bei poa. Uingereza kulikuwa na sharubati iliyoitwa Godfrey's Cordial, ndani yake mna afyuni. Marekani, tangu mwaka 1849, waliuziwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ndani yake mna mofini, ambayo ni mtoto wa afyuni hiyo hiyo.

Watoto walilala, ndiyo. Wengine hawakuamka. Na wengine walikonda taratibu, kwa sababu mtoto aliyeleweshwa hadai chakula chake. Ilibidi ifike mwaka 1906 ndipo sheria ya Marekani ikawalazimisha watengenezaji wa dawa za namna hiyo kuandika kwenye chupa kilichomo ndani.

Sisi Waswahili afyuni tunaiita kasumba. Na sote tunajua neno hilo baadaye tulilipa kazi nyingine: mawazo ya mtawala yanayomlevya mtawaliwa mpaka ayaone yake. Shika neno hilo, tutalihitaji.

Wataalamu waliiona hatari ya chupa zile, na wengi wao walikuwa watu wa nia njema. Lakini badala ya kuuliza mikono ya mama imeenda wapi, wao walirudi kwa Cadogan. Mwaka 1894 daktari Luther Emmett Holt wa New York alitoa kijitabu kiitwacho The Care and Feeding of Children, kimeandikwa kwa maswali na majibu kama katekisimu. Kilianza kama somo la kuwafundisha mayaya katika hospitali ya watoto. Je, kumbembeleza mtoto kwa kumtikisatikisa ni lazima? Hapana. Anayelia kwa ukaidi afanywe nini? Aachwe alie mpaka amalize. Somo la mayaya wa hospitali likanunuliwa na akina mama majumbani, likachapwa na kuchapwa tena kwa miaka mingi.

Ndama wa Seacliff

Lakini baba wa saa hasa, yule ambaye nadhani mwandishi wa kitabu changu alikunywa kwenye kisima chake, ni Frederic Truby King wa New Zealand. Na hapa historia inafanana na hadithi ya kutunga.

Truby King alikuwa daktari mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili pale Seacliff, karibu na Dunedin, tangu mwaka 1889. Hospitali ilikuwa na shamba, shamba lilikuwa na ng'ombe, na ndama walikuwa wakifa kwa kuhara. Bwana mkubwa akachunguza chakula chao, akapima, akapanga vipimo na nyakati, ndama wakapona. Akajiuliza: kama ndama, kwa nini si binadamu? Mwaka 1907 alianzisha pamoja na wanawake wa mji chama kilichokuja kuitwa Plunket Society. Manesi wake walizunguka nyumba kwa nyumba na mizani na maagizo: kila baada ya saa nne, usiku hapana. Mtoto alale peke yake, penye hewa nyingi, na asibebwebebwe. Alisisitiza sana maziwa ya mama, hilo tusilisahau. Watu walimheshimu mno. Alipofariki mwaka 1938 alizikwa kwa heshima za kitaifa.

Mawazo yake yalisafiri. Mwaka 1917 aliitwa London, na chuo cha malezi kikafunguliwa huko kwa mfano wake. Marekani nako, mwaka 1928, mwanasaikolojia John B. Watson aliandika kwamba mtoto asibusiwe wala kukumbatiwa ovyo. Asubuhi mpe mkono tu, kama mnavyoamkiana na karani wa posta. Usicheke, msomaji. Watu waliosoma walimwamini.

Kwa nini walimwamini? Mtazame mama wa mji wa wakati ule. Amehama kwao. Mama yake yuko mbali, shangazi hayupo, mume anaingia kazini kwa king'ora. Yuko peke yake katika chumba na mtoto anayelia, kama dada yangu. Mtu wa namna hiyo hatafuti ukweli, anatafuta mkono. Asipoupata, ataishika saa.

Safari ya kuja kwetu

Je, saa ilifikaje Afrika? Mlango mmoja naujua, nao uko katika nchi ya watu wanaosema Kiswahili: Katanga, Kongo ya Wabelgiji. Miaka ya 1920 kampuni ya migodi ya Union Minière ilikuwa na tatizo la watu. Ilihitaji wafanyakazi wakae na wake zao, wazae, na watoto wakue wawe wafanyakazi. Zikafunguliwa kliniki, watoto wakapimwa uzito, akina mama wakafundishwa. Kwa kawaida wanawake wa huko walinyonyesha muda mrefu na kukaa mbali na waume zao wakati huo, hivyo watoto walipishana kwa miaka. Kwa wakubwa wa koloni huo ulikuwa upungufu wa uzazi. Mama akishauriwa kuachisha ziwa mapema, mimba inayofuata inakuja mapema. Mizani ile iliokoa watoto, nakubali. Lakini ilipima na kitu kingine ambacho mama hakuambiwa.

Hiyo ndiyo kasumba ya pili. Mama aliyeingia kliniki anajua kulea, alitoka anajiona hajui.

Mambo yaliyoonekana Uganda na Kenya

Sasa tazama kinyume chake, jinsi elimu nyingine ilivyotoka kwetu kwenda kwao. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala kumfuata mumewe aliyepata kazi pale. Yeye mwenyewe hakuwa na kazi ya kudumu. Akaanza kutembelea vijiji vya Waganda karibu na mji, kwa miezi kama tisa: familia 26, watoto 28. Alikuja akidhani atachunguza jinsi mtoto anavyoumia akiachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi. Hakuyakuta hayo kama alivyotarajia. Akakuta kingine: mtoto hashikamani na mama kwa sababu ya chakula tu. Anashikamana na yule anayemwitikia. Kitabu chake, Infancy in Uganda, kilitoka mwaka 1967.

Baadaye, Marekani, alifanya utafiti mwingine na mwenzake Silvia Bell. Mwaka 1972 walieleza kwamba watoto walioitikiwa haraka katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi walipokaribia mwaka. Wengine walimpinga, na mabishano yaliendelea miaka mingi. Lakini lile la kwamba kumbeba mtoto wa wiki tatu ni kumharibu halikusimama tena kama amri.

Miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness walikaa katika kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, ambacho katika maandishi yao wamekiita Kokwet. Waliangalia usingizi. Mtoto wa Kimarekani wa miezi minne alikuwa ameshazoezwa kulala kama saa nane mfululizo usiku. Mtoto wa Kokwet wa umri huo huo, usingizi wake mrefu ulikuwa kama saa nne na nusu tu, na aliendelea hivyo miezi kadhaa. Je, mtoto wa Kokwet alikuwa mgonjwa? Hapana. Alilala na mama, akaamka, akanyonya, akasinzia, na mama naye hakuwasha taa wala kutazama ukutani. Mchana dada mdogo wa miaka saba au minane alimbeba mgongoni. Kuamka kule kulikuwepo. Tatizo ndilo halikuwepo.

Wataalamu wanarudi nyuma

Nchi za Magharibi nazo zilianza kuchoka. Mwaka 1942 mwanamke aitwaye Frances Simsarian, pamoja na daktari Preston McLendon, walichapisha kumbukumbu za mtoto aliyeachwa anyonye anapotaka kwa wiki 12 za mwanzo. Mtoto alikuwa wa Simsarian mwenyewe. Polepole mtoto yule alijitengenezea utaratibu wake. Mwaka 1946 Benjamin Spock alitoa kitabu chake maarufu, akawaambia wazazi wajiamini, wanajua kuliko wanavyodhani. Nakala zake ziliuzwa kwa mamilioni. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua kumi za kufuatwa na wodi za wazazi, mojawapo ikiwa mtoto anyonyeshwe kila anapotaka, usiku na mchana. Miaka zaidi ya 240 tangu Cadogan!

Na sababu si huruma tu. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyonyonywa. Ziwa likikaa limejaa, mwili unapunguza kazi. Homoni ya kutengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, kwa hiyo ule usiku wa Truby King ndio ulikuwa usiku wa neema. Tumbo la mtoto ni dogo, hivyo kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku ni kawaida kabisa. Na mwili wake bado haujui usiku na mchana. Hujifunza polepole katika miezi miwili mitatu ya kwanza. Mpe mwanga na kelele za kawaida mchana, giza na utulivu usiku, kisha subiri.

Sasa unaona nilichomfanyia dada yangu. Nilikuwa nayakausha maziwa kwa saa ya mkononi. Na maziwa yakikauka nani anasubiri mlangoni? Kopo. Daktari Cicely Williams aliliona hilo Singapore, na mwaka 1939 alisimama mbele ya waheshimiwa wa mji akaita matangazo ya maziwa ya makopo kwa maskini kwa jina lake: mauaji. Ulimwengu ulichukua miaka 42 kumsikia. Mwaka 1981 Kanuni ya Kimataifa ya kudhibiti biashara hiyo ilipitishwa kwa kura 118, na ni Marekani peke yake iliyopiga kura ya hapana. Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 1994, Kenya ikatunga sheria mwaka 2012.

Mikono

Basi turudi kwa bibi zetu na tuseme wao walijua yote? Hapana jamani. Bibi zetu nao walimpa mtoto maji na uji mapema mno, na watoto wengi walizikwa. Leo tunajua maziwa ya mama peke yake yanatosha miezi sita. Ila bibi zetu walikuwa na kitu kimoja ambacho kitabu changu cha London hakikuwa nacho. Pwani mzazi alikaa ndani siku arubaini. Hapiki, hachoti maji. Kuna anayemkanda, kuna anayemwogesha mtoto, kuna anayempokea akicheua ili mama alale. Usiku ule mrefu haukugawanywa kwa saa, uligawanywa kwa watu.

Ndilo fundisho nililolipata. Kila mahali nilipoikuta saa, niliikuta imekalia kiti cha mtu aliyeondoka. Kwa Coram mama hayupo. Kinuni mama yuko kazini. Mjini bibi yuko mkoani. Na hata sasa mama wa mjini hasumbuliwi na mtoto kuamka saa tisa za usiku, anasumbuliwa na kuripoti kazini saa mbili asubuhi. Sheria ya kazi ya Tanzania iliyotungwa mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi. Baba ilimpa angalau siku 3. Siku tatu! Hata kitovu hakijadondoka.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu unayeota kuandika vitabu, nina maneno mawili kwako. La kwanza: ukishika kalamu, kumbuka kuna mtu peke yake usiku wa manane atakayekuamini. Mwandishi wa kitabu changu hakumjua dada yangu, lakini alimliza siku tatu, nami nikiwa mkalimani wake. La pili: wewe nawe una mikono.

Baada ya usiku ule saa niliitia kabatini. Dada alikuwa ananyonyesha kila mtoto anapotaka. Akimaliza, mimi nampokea, namweka begani mpaka acheue, kisha namfunga mbeleko na kuzunguka naye uani gizani, hatua arobaini kwenda, arobaini kurudi, ili dada apate usingizi wa saa mbili. Majirani walicheka wiki nzima: mwanamume na mbeleko! Mama mwenye nyumba hakucheka. Usiku mmoja alifungua dirisha, akanitazama nikipita, akasema, "Haya, sasa unajua ni saa ngapi."

Nikamwambia sijui, mama.

"Ndiyo hivyo hivyo," akasema, akafunga dirisha.